Kabla ya Kuchagua Ramani ya Nyumba, Andika Siku ya Familia Yako



UTANGULIZI

Likizo iliyopita nilikaa wiki mbili kwa dada yangu mjini Morogoro. Yeye na shemeji wamepanga vyumba viwili kwa miaka tisa sasa, na mwaka jana walifanikiwa kununua kiwanja cha mita 20 kwa 20. Jioni ya kwanza, baada ya chakula, dada alinipa simu yake akasema, "Frateri, wewe unayesoma falsafa, hebu angalia hii halafu utuambie." Ilikuwa picha ya nyumba ya vyumba vinne, yenye paa la kuficha, ukuta wa mbele uliopambwa kwa mawe, na jiko lililo wazi kuelekea sebuleni. Ramani yake ilikuwa inauzwa, na fundi alikuwa tayari kuchimba msingi.

Nyumba ilikuwa nzuri. Hata hivyo sikuweza kujibu mara moja, kwa sababu nilikumbuka nyumba yetu ya Mafinga. Mimi si mhandisi wala mchora ramani. Ninachoweza kukushirikisha ni jambo moja nililojifunza nyumbani na kulikuta tena darasani: ramani ya nyumba ni jibu. Kabla ya kununua jibu, ni lazima tujue swali, na swali ni maisha ya watu watakaolala, watakaopika, watakaougua na watakaopokea wageni ndani ya nyumba hiyo.

NYUMBA YETU YA MAFINGA

Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alianza kujenga mwaka 2011, na tulihamia mwaka 2018. Ramani aliipata kwa rafiki yake aliyekuwa amejenga Dar es Salaam, akaona hakuna sababu ya kulipia nyingine. Kwa Dar es Salaam ilikuwa ramani sahihi kabisa. Ilikuwa na madirisha makubwa, dari ya juu, baraza pana la kupokea upepo, na msingi ulioinuliwa kwa sababu kiwanja cha yule rafiki kilikuwa kinatuamisha maji.

Lakini Mafinga ni nyanda za juu. Mwezi wa sita na wa saba baridi yake si ya mchezo. Sebule ile ikawa haikaliki. Makochi yalifunikwa vitambaa, mlango ukafungwa, nasi tukaendelea kuota moto katika jiko la nje la zamani. Humo ndimo tulimokula, tulimofanyia kazi za shule na tulimosalia rozari. Nyumba iliyotumia miaka saba ya mshahara wa baba ikawa mahali pa kulala tu.

Kuna jambo zito zaidi. Bibi, mama yake baba, alikuwa na maumivu ya magoti. Kwa sababu ya ule msingi wa juu, mlango wa mbele ulikuwa na ngazi tano, tena bila sehemu ya kushika. Alizipanda mara moja, siku ya kubariki nyumba. Baada ya hapo alisema atahamia miguu ikipona. Haikupona. Alibaki katika nyumba ya zamani ya tofali mbichi, hatua chache kutoka kwetu, hadi alipofariki mwaka 2021. Jioni moja baada ya msiba, baba aliniambia, "Mwanangu, nilimjengea mama nyumba, ila sikumuuliza anaishije." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nisite nilipopewa ile simu.

ARISTOTLE NA LENGO LA NYUMBA

Wanafunzi wa falsafa hukutana mapema na mafundisho ya Aristotle juu ya sababu nne. Ili kuelewa kitu, tunauliza kimetengenezwa kwa nini, kina umbo gani, nani amekitengeneza, na kipo kwa ajili gani. Aristotle mwenyewe hupenda kutumia mfano wa nyumba. Anaeleza kwamba mtu mmoja anaweza kusema nyumba ni mawe, matofali na mbao, na mwingine akasema ni kinga dhidi ya upepo, mvua na joto. Wa kwanza ametaja maada, wa pili ametaja lengo. Anayeielewa nyumba vizuri anaviunganisha: ni umbo fulani, lililowekwa katika maada fulani, kwa ajili ya lengo fulani.

Sisi tunapojenga, mara nyingi tunaanza na umbo, yaani picha. Kisha tunahangaikia maada: saruji, nondo, mabati. Halafu tunatafuta mtendaji, yaani fundi. Lengo linabaki la mwisho, au halitajwi kabisa, kwa sababu tunadhani linajulikana: "si ni nyumba ya kuishi tu?" Kumbe kuishi kwa mwalimu wa Mafinga siko kuishi kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Lengo ndilo linalopaswa kuliongoza umbo, na umbo ndilo linaloamua maada kiasi gani inahitajika.

Wazee wetu walilifahamu hili bila kusoma Aristotle. Tazama ile nyumba ya Kiswahili ya mitaa ya zamani ya Dar es Salaam. Mbele kuna baraza, katikati kuna ukumbi mrefu, vyumba viko pande zote mbili, na nyuma kuna uani wenye jiko, choo na mahali pa kufulia. Mgeni wa kawaida huishia barazani. Kila chumba kina mlango wake ukumbini, hivyo mwenye nyumba anaweza kupangisha chumba kimoja na kuishi katika kingine. Wanawake hufanya kazi zao uani bila kutazamwa na wapita njia. Ukiitazama ramani hiyo, unaweza kusoma humo jinsi watu walivyopata kipato, walivyopokea wageni na walivyolinda faragha yao. Hebu tujiulize, ramani tunayoiona kwenye simu imeandikwa maisha ya nani?

HATUA YA KWANZA: ANDIKA SIKU NZIMA

Kesho yake nilimwomba dada alete daftari la mtoto. Tuliandika siku ya kawaida ya nyumba yao, tangu wa kwanza kuamka hadi wa mwisho kulala. Hatukuandika wanachokitamani, tuliandika wanachokifanya. Mambo manne yalijitokeza.

Dada huamka saa 10 alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza, na hutumia mkaa. Shemeji ni muuguzi. Kwa wiki kadhaa kila mwezi hufanya kazi usiku na kulala mchana. Watoto ni watatu, msichana wa miaka 11 na wavulana wawili wadogo. Na mama mkwe wa dada huja kutoka kijijini kila mwaka kwa matibabu, akikaa miezi miwili au mitatu. Hata siku hiyo alikuwepo.

Tulipoirudia ile picha, maswali yalianza yenyewe. Moshi wa mkaa wa saa 10 alfajiri utaenda wapi ikiwa jiko liko wazi kuelekea sebuleni na korido ya vyumba? Shemeji atalalaje saa 5 asubuhi ikiwa chumba chake kimepakana na sebule yenye runinga? Mama atalala wapi? Ramani ile ilikuwa na vyumba vinne, lakini hakuna hata kimoja kati ya maswali hayo kilichokuwa kimejibu.

HATUA YA PILI: HESABU WATU WA LEO NA WA BAADAYE

Nyumba hudumu kuliko hali tuliyo nayo siku ya kuijenga. Kwa hiyo hesabu watu walioko, kisha watakaokuwepo baada ya miaka 15. Watoto watakua, wasichana na wavulana watahitaji vyumba tofauti, kisha wataondoka. Wazazi watazeeka na pengine watahamia kwako. Chumba cha mtoto wa leo kinaweza kuwa chumba cha mama kesho, ikiwa tu hakikujengwa kidogo kupita kiasi.

Hapa vipimo vinasaidia. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinaonekana kikubwa kwenye karatasi. Weka kitanda cha futi 5 kwa 6, ambacho ni kama mita 1.5 kwa 1.8. Weka kabati lenye kina cha sentimita 60. Weka mlango unaofungukia ndani. Nafasi inayobaki inamtosha mtu mmoja kupita. Kwa wavulana wawili wenye vitanda viwili na meza ya kusomea, chumba hicho hakitoshi. Ni afadhali vyumba vitatu ambavyo watu wanaweza kuishi ndani yake kuliko vinne vya kubanana.

HATUA YA TATU: NANI ANAFIKA, NA ANAISHIA WAPI?

Familia nyingi za Kikatoliki hupokea jumuiya ndogo ndogo kwa zamu. Kwa dada huja watu wapatao 20. Kiti kimoja cha plastiki kinahitaji kama sentimita 60 za ukuta. Sebule ya mita 4 kwa 5 ina mita 18 za ukuta kuizunguka. Ukiondoa milango, kabati la runinga na pembe ambazo viti hugongana, watu 20 wanakaa. Basi hakuna haja ya sebule kubwa zaidi ya hapo kwa ajili ya kikao cha mara chache. Siku za sherehe watu hukaa nje chini ya turubai.

Jambo la msingi ni kwamba mgeni aweze kukaa bila kuona mlango wa chooni wala vitanda vya wenyeji. Na mgeni wa dakika kumi, anayeleta ujumbe au kununua maandazi, anahitaji baraza dogo lenye kivuli na mahali pa kukaa.

HATUA YA NNE: JIKO NA CHOO

Usichague jiko kwa kuangalia kabati zake. Uliza unapika kwa nishati gani, unapika kiasi gani na uchafu unatokea wapi. Anayepika kwa kuni au mkaa anahitaji bomba la moshi au jiko lenye matundu ya juu na mlango wa kutokea nje. Anayetumia gesi anahitaji dirisha linalofunguka na mahali salama pa mtungi. Kaya nyingi hutumia vyote kwa zamu. Kwa dada tulikubaliana kuwa na jiko dogo la ndani la gesi, na banda la kupikia uani, lenye kuta fupi na paa, kwa ajili ya maandazi. Banda hilo linagharimu kidogo, na ndilo linaloleta ada za shule.

Kuhusu choo, ramani nyingi huweka choo kizuri ndani ya chumba cha masta, na kingine mwisho wa korido. Tuliuliza ni nani anayeamka usiku mara nyingi zaidi. Jibu lilikuwa mama. Hivyo choo cha korido kikasogezwa kikapakana na chumba chake. Kama kuna kisima kwenye kiwanja, shimo la maji taka likae mbali nacho. Umbali wa mita 30 ndio unaotumika sana, na kiwanja kidogo hakiwezi kutoa nafasi hiyo. Kwa hiyo jambo hili lazima liamuliwe kabla ya msingi.

HATUA YA TANO: MIGUU YA MZEE, JUA NA UPEPO

Hatua moja ya ngazi ni kama sentimita 15. Ngazi tatu ni sentimita 45. Mteremko ambao mtu mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuupanda huhitaji urefu mara 12 ya kimo chake, yaani mita 5.4 kwa ngazi hizo tatu. Kama msingi lazima uwe juu kwa sababu ya maji, panga mahali pa mteremko huo tangu mwanzo, hata kama utaujenga baadaye. Milango ya chumba cha mzee na ya choo chake iwe na upana wa sentimita 90. Tofauti ya gharama ni ndogo sana ukilinganisha na kubomoa.

Kuhusu jua, chumba chenye dirisha upande wa magharibi hupokea joto la alasiri na kubaki na joto hilo usiku. Sehemu ya joto kama Morogoro, upande huo uachiwe stoo, bafu au ngazi, au upandwe mti. Kuta ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, na kila chumba kiwe na madirisha katika kuta mbili pale inapowezekana, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Sehemu ya baridi kama Mafinga, jambo hili hugeuka. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na katika miezi ya baridi jua la mchana liko upande wa kaskazini. Laiti sebule yetu ingetazama kaskazini na kuwa na dari ya chini, tungekaa humo.

Paa la kuficha nalo lina tabia zake. Halina sehemu inayotokeza nje kufunika ukuta na dirisha dhidi ya jua na mvua. Maji yake hukusanyika kwenye mfereji ulio nyuma ya ukuta, na mfereji ukizibwa na majani, maji hutafuta njia ya kuingia ndani. Anayelichagua ajue kwamba atapanda kusafisha kabla ya kila masika.

HATUA YA SITA: PESA NA AWAMU

Katika Injili ya Luka sura ya 14, Bwana wetu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama. Wengi wetu hatuwezi kuzipata pesa zote kwa pamoja. Basi tuchague ramani inayoweza kuishi kabla haijakamilika. Vyumba viwili, choo na jiko vinaweza kutangulia, na vingine vikafuata, mradi mchoraji aliambiwa tangu awali aache upande ambao paa litaungwa.

Umbo pia ni pesa. Nyumba ya mita 10 kwa 10 ina mita za mraba 100 na mita 40 za ukuta wa nje. Nyumba ya mita 5 kwa 20 ina eneo lilelile, lakini ukuta wa nje ni mita 50. Hizo mita 10 za ziada, zikiinuliwa mita 3, ni mita za mraba 30. Kwa matofali ya saruji ya kawaida, ambayo huingia kama 10 kwa mita ya mraba, ni matofali 300 zaidi kwa nafasi ileile. Kila kona inayoongezwa kwa ajili ya urembo huongeza pia maungio kwenye paa, na maungio ndiyo mahali pa kwanza kuvuja.

HATUA YA MWISHO: CHORA ARDHINI

Jumamosi tulikwenda kiwanjani na kamba, vigingi na ndoo ya majivu. Tulichora vyumba kwa vipimo vyake halisi. Watoto walilala chini kuonyesha vitanda. Shemeji alisimama mahali pa jiko na kuita kwa sauti, nasi tukasikiliza kutoka chumba chake. Mama alitembea na fimbo yake kutoka "kitandani" hadi "chooni", akasimama katikati, akasema, "Hapa pana kona, usiku nitajigonga." Tukaisogeza kamba. Kuifuta alama ya majivu hakukutugharimu chochote.

Jioni dada aliandika ukurasa mmoja: watu walioko, kazi zao, saa zao, wageni wao na awamu za pesa. Ukurasa huo ndio alioupeleka kwa mchoraji. Mwenye taaluma bado anahitajika, kwa sababu yeye ndiye anayejua uzito wa paa na uimara wa udongo, na ramani yake ndiyo itakayopelekwa halmashauri kuombewa kibali cha ujenzi. Lakini hawezi kujua kwamba unakaanga maandazi saa 10 alfajiri usipomwambia.

HITIMISHO

Ramani iliyorudi ina vyumba vitatu, si vinne. Ni mstatili usio na madoido, wenye paa la kawaida linalotokeza nje. Chumba cha shemeji kiko mwisho kabisa, mbali na sebule. Chumba cha mama kina choo jirani na mlango mpana, na mbele pana ngazi moja tu. Dada alikiri kwamba kwenye simu haipendezi kama ile ya kwanza. Msingi umeshaanza kuchimbwa.

Mpendwa msomaji, kama uko karibu kujenga, chukua daftari usiku huu kabla hujafungua picha nyingine. Keti na mwenzi wako, waite watoto, na kama kuna mzee nyumbani, muulize yeye kwanza anaishije.